Mkia wa Roadster: shajara ya mradi, Machi hadi Juni

Machi 8

Naanza kuandika leo kwa sababu mwezi mzima nimekuwa nikibadili mawazo kila ninaposhuka garini. Gari lenyewe ni Eunos Roadster ya 1990, yaani Mazda MX-5 ya toleo la kwanza kama ilivyouzwa Japani: injini ya 1.6, farasi 120, gia tano za mkono, uzito kilo 940, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nililinunua mwaka jana kwa mtu aliyeliagiza, na tangu hapo limekaa nami Kigamboni, Dar es Salaam, mita chache kutoka kwenye upepo wa chumvi. Kwa juu bodi inang'aa. Habari yote iko chini.

Tatizo ni hili. Nikitoka kwenye kipilefti nikakata kushoto, mkia unachomoka. Wala si kwa mwendo wa mashindano: kilomita 40 kwa saa, mguu unaachia mafuta kidogo tu, na nyuma inaondoka ghafla bila kunipa taarifa. Nikikata kulia kwa mwendo uleule, gari linashika na kutulia. Na barabara ikinyooka, usukani hauketi katikati. Alama ya juu inalalia kulia kiasi cha upana wa vidole viwili.

Nimeshapokea ushauri wa kutosha. Lishushe zaidi. Tia springi ngumu. Tia stabilaiza nene, ile fito ya chuma inayozuia gari kuinama kwenye kona. Vaa matairi mapana. Wote walionishauri wananitakia mema, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza: mbona kushoto tu? Springi laini zingesumbua pande zote mbili, na matairi membamba vilevile. Kitu kinachouma upande mmoja kina makao upande mmoja, na nataka kukijua kabla sijatoa hata shilingi moja.

Niseme pia kwa nini naona inafaa kuhangaika. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na msimamizi wa mradi wake, Toshihiko Hirai, alilijenga juu ya wazo la Kijapani la jinba ittai, mpanda farasi na farasi kuwa kitu kimoja. Kila gurudumu kati ya yote manne linashikiliwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, mpangilio uliokuwa ghali kwa gari la bei ya watu wa kawaida. Gari lililofikiriwa hivyo halipaswi kumtisha dereva wake kwa kilomita 40.

Machi 9

Jamaa yetu mmoja ana ghala huku kwetu lenye uwanja mpana wa zege, na Jumapili huwa mtupu. Ameniruhusu kuutumia kwa sharti kwamba niufagie kwanza. Nimefagia. Katikati nimegongomea msumari, nikafunga kamba ya mita 15, nikachora duara kwa chaki, kisha nikapanga chupa za maji zilizojazwa mchanga kuufuata mstari.

Kipimo chake ni rahisi. Unazunguka duara kwa mwendo wa juu kabisa ambao gari linaweza kuushika bila kutoka nje ya mstari, na mtu anakushikia muda. Mdogo wangu alisimama na simu yake. Mizunguko mitatu kila upande, tukachukua wastani:

Kuzunguka kulia, sekunde 8.5. Kuzunguka kushoto, sekunde 8.9.

Ukiipigia hesabu (39.5 mara mita 15, gawanya kwa muda uliouzidisha kwa wenyewe, kisha gawanya kwa 9.8), kulia gari linashika kwa nguvu sawa na 0.84 ya mvuto wa dunia, kushoto 0.76. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa gari moja, siku moja, zege lilelile. Kisha nikafanya jaribio la pili: nazunguka kushoto kwa kilomita 35, naachia mafuta ghafla. Gari liligeuka nyuma mbele. Mara tatu kati ya tatu. Upande wa kulia liliingiza pua ndani kidogo tu na kuendelea.

Sasa nina namba. Nimejiwekea sharti: kitu kimoja kwa wakati mmoja, na baada ya kila kitu nirudi kwenye duara.

Machi 15

Nimeanza na kisichogharimu kitu, upepo. Matairi yote yalikuwa na psi 35, kwa sababu ndicho kiwango wanachojaza hapa mtaani kwa kila gari lisilo lori, iwe Noah au IST. Kibandiko cha kiwandani kwenye nguzo ya mlango kinasema 26. Ndiyo, 26, na hakijakosea. Gari la kilo 940 halihitaji zaidi. Nimeyashusha yote, yakiwa ya baridi, kwa kipimo changu mwenyewe.

Duara: kulia 8.5, kushoto 8.8. Mashimo ya njia ya nyumbani sasa yanavumilika. Ugonjwa upo palepale.

Machi 16

Siku ya uzi. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko siku nyingine yoyote ya mradi huu, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Mwezi wa kwanza nilipeleka gari kupima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, kwenye karakana yenye mashine ya kompyuta. Nikapewa karatasi, mbele kote kijani, nikalipa. Niliporudi kuisoma vizuri nikaona magurudumu ya nyuma hayakupimwa kabisa. Nilipouliza, kijana akanijibu, "Bosi, nyuma huwa hakuguswi." Kwa magari mengi yanayopita kwake ni kweli, kwa kuwa ekseli ya nyuma ni kipande kimoja kisicho na pa kurekebisha. Kwenye Roadster kila gurudumu la nyuma linajitegemea, na lina bolti mbili za kulisogeza.

Basi nikajipimia. Stendi nne za jeki, uzi wa kuvulia samaki pande zote mbili za gari kwa urefu wa kitovu cha gurudumu. Uzi lazima uende sambamba na mstari wa katikati wa gari, na hapo kuna mtego: magurudumu ya mbele ya Roadster yana upana wa milimita 1,405 kati yake, ya nyuma 1,420. Ukiweka uzi ulingane mbele na nyuma utajidanganya. Kila upande, uzi lazima uwe mbali na kitovu cha mbele kwa milimita 7.5 zaidi kuliko cha nyuma. Kuupanga tu kulinichukua saa moja na nusu, maana ukigusa huku, kule kunasogea.

Kisha ni kupima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele ya gurudumu na nyuma yake. Gurudumu la nyuma kushoto: mbele 115.5, nyuma 112. Limeangalia ndani kwa milimita 3.5. Gurudumu la nyuma kulia: mbele 112, nyuma 114. Limeangalia nje kwa milimita 2.

Nilikaa chini nikazitazama namba hizo muda mrefu. Ukizijumlisha, magurudumu mawili kwa pamoja yameangalia ndani kwa milimita 1.5, na mtu anayesoma jumla peke yake angesema gari lina afya. Lakini chukua kila gurudumu peke yake: yote mawili yanaelekea kulia. Nyuma ya gari inataka kwenda kulia wakati wote, ndiyo maana nalazimika kushika usukani umelalia kulia ili gari lifuate barabara. Lilikuwa linakwenda upande kama kaa, nami nikidhani ni usukani.

Na kushoto tu? Ukikata kushoto, uzito wote unahamia gurudumu la nje, na gurudumu la nje ni la kulia, lile lililoangalia nje. Limebeba mzigo wote wa kona huku likijiendesha kutoka nje ya kona. Ukikata kulia, linalobeba ni la kushoto, limeangalia ndani, linatuliza. Swali la tarehe 8 limejibiwa kwa uzi wa kuvulia.

Machi 22

Jibu la uzi linazaa swali: kwa nini limesogea? Gari liko juu ya stendi, nami chini yake na mtarimbo. Mkono wa chini wa nyuma kwenye gari hili ni mpana, na ndio unaoamua gurudumu lielekee wapi. Una bushi mbili, yaani mito ya mpira yenye bomba la chuma ndani ambamo bolti hupita, upande wa ndani, kwenye krosimemba, kile chuma kinachokingama chini ya gari, na upande wa nje bolti ndefu moja inapita kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu, kitovu cha gurudumu. Wa juu unashika kwa nje sehemu moja tu, kazi yake ni kusimamisha gurudumu.

Upande wa kushoto, nikisukuma kwa mtarimbo, bushi zinacheza kidogo. Upande wa kulia, bushi ya ndani ya nyuma imepasuka mzunguko mzima. Mpira umeachana na chuma na mkono unatembea milimita nne bila upinzani, mlio wake unasikika kabisa, tok, tok. Maana yake zile milimita 2 za kuangalia nje ni za gari lililosimama. Barabarani, kona ikilisukuma, gurudumu linaangalia nje zaidi, na nikiachia mafuta linarudi na kuondoka tena. Gurudumu linajipa usukani lenyewe.

Nikajaribu kuzungusha zile bolti za kurekebishia. Zina kichwa chenye duara lililotolewa katikati, ukiizungusha inausukuma mkono ndani au nje. Mbili zikienda pamoja zinabadili mlalo wa gurudumu, yaani kemba, zikienda kinyume zinabadili mwelekeo, yaani tou. Hakuna hata moja iliyogeuka. Nati zinafunguka, bolti zenyewe zimegandana na bomba la ndani la bushi. Miaka thelathini na tano, na sehemu yake ikiwa karibu na bahari.

Machi 29

Nilipokuwa huko chini nikaona kitu cha pili, na nakiandika kabla sijakisahau. Springi za nyuma zimekatwa. Alama ya mashine ya kukatia iko wazi kwenye ncha. Aliyelimiliki kabla yangu alitaka gari liwe chini, na ni kweli linapendeza, lakini kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi nimepima milimita 295 kushoto na 288 kulia.

Roadster haina safari ndefu ya shokapu nyuma hata ikiwa mpya. Nilifunga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo ya shokapu, nikashusha gari, nikapima: kati ya mwili wa shokapu na raba ya kugongea kuna milimita 12. Nilipozunguka mtaa mmoja tu nikarudi, kamba ilikuwa imesukumwa hadi juu, imezama kwenye raba. Gari linatembea juu ya raba.

Hii inaeleza ule ughafla. Gari likiinama kwenye kona, springi ya nje inabonyea, na baada ya milimita 12 inakutana na raba. Papo hapo nyuma inakuwa ngumu mara nyingi kuliko ilivyokuwa, mzigo unamiminika kwenye tairi moja la nje, na tairi linaachia. Kwa hiyo yako magonjwa mawili. Bushi na mwelekeo wa gurudumu vinaeleza kwa nini kushoto. Raba inaeleza kwa nini bila taarifa. Na ule ushauri wa kushusha zaidi ungelimaliza gari.

Nimeagiza Japani shokapu na springi zilizotumika za toleo la pili la MX-5, lililoanza 1998, pamoja na vikombe vyake vya juu. Zinaingia kwenye toleo la kwanza, na vikombe vile vinaipa shokapu nafasi zaidi ya kutembea. Mtaa wa Gerezani, kwenye vipuri vya magari, nimezunguka maduka saba, kila mtu ananionesha ya Demio. Zitakuja kwa meli.

Aprili 12

Bolti. Siku nzima, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhana ya magharibi.

Fundi wangu ni mtu wa makamo aliyekulia kwenye magari ya Land Rover, na hana haraka. Wiki nzima tulikuwa tukizimwagia mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi na jioni. Leo tulianza na moto: kupasha mkono, kuacha upoe, kugonga. Ya kushoto ya mbele ilitoka kwa nyundo ya kilo mbili baada ya robo saa, ikilia kama mlango wa jela. Nyingine tatu zilikataa.

"Kaka," akasema fundi, "tukiendelea kugonga tutapinda krosimemba. Hizi zikatwe."

Kukata maana yake ni kupitisha msumeno kati ya bushi na kuta za krosimemba, upana wa milimita chache, ukiwa umelala chali. Mashine ya kukatia haiingii bila kujeruhi chuma kinachobaki. Tulivua bledi kwenye fremu ya msumeno, tukaizungushia kitambaa ncha moja, tukakata kwa mkono. Kila bolti inakatwa mara mbili. Bledi saba. Unakata, unahesabu mipigo mia moja, unampokeza mwenzako. Vumbi la chuma linaanguka kwenye miwani, linanuka kama sarafu iliyoshikwa kwa jasho. Bolti ya mwisho, ya kulia ya nyuma, ilipoachia mkono ukashuka wenyewe juu ya kifua changu, na kwenye ile bushi iliyopasuka ukadondoka mpira wa upana wa kidole, mkavu kama gome.

Zile bolti ndefu za nje zilihitaji mashine ya kubonyeza. Shukrani kwa mzee mchongaji wa Buguruni, aliyezitoa zote mbili bila kuumiza nako. Nilipomwamkia na kumwekea mezani alizitazama, akaniuliza, "Mwanangu, gari hili lilikuwa linavua?"

Aprili 19

Bushi mpya za gari hili huzipati dukani hapa mjini. Nikamwomba mzee anichongee za nailoni, kama anavyozichonga za Hilux na Canter kila siku. Alinipa chaguo la kuacha nafasi kubwa kidogo kwa bomba la ndani, mimi nikataka ibane, milimita 0.1 tu. Kazi yake ilikuwa safi, zote nane za mikono ya chini zinalingana. Kosa lililofuata ni langu.

Bolti mpya za kurekebishia zilikuwa zimeshawasili kwa ndege pamoja na barua, nikazipaka grisi ya shaba mwili mzima. Tumefunga, nimeweka uzi, nimesawazisha kwa kukadiria: kila gurudumu la nyuma liangalie ndani milimita 1.5.

Aprili 20

Duara: kulia 8.5, kushoto 8.6. Springi bado zilezile zilizokatwa, matairi yaleyale. Sekunde 0.2 zimepatikana kwa kulizuia gurudumu lisitembee na kulielekeza panapotakiwa, basi. Usukani umekaa katikati kwa mara ya kwanza tangu nilinunue. Nilipita daraja la Nyerere jioni nikiwa nimeushika kwa vidole tu.

Jaribio la kuachia mafuta, kushoto: mara mbili lilishika, mara moja likageuka. Raba bado ipo.

Mei 3

Masika imekaa. Wiki mbili za mvua karibu kila siku, na njia yetu imekuwa mto. Tangu Jumatano nyuma ilianza kulia, mlio wa kitanda cha kamba, na leo asubuhi gari liligoma kuinama. Nikikalia kona ya nyuma linashuka kwa kishindo na kubaki huko.

Tumefungua shokapu na kuachia mkono wa kulia. Mkono wenye bushi ya nailoni unatakiwa uanguke kwa uzito wake wenyewe. Huu ulibaki hewani kama umeunganishwa kwa moto. Nailoni hunywa maji, na ikinywa huvimba. Ile milimita 0.1 niliyoing'ang'ania imekwisha, nailoni imelibana bomba, na mkono unapopanda na kushuka unapambana na bushi zake. Mzee wa Buguruni aliniambia niache nafasi, nami nikadhani kubana ndiyo ubora.

Nimeagiza seti ya poliyurethani, ipande meli moja na shokapu. Gari linasimama.

Mei 24

Mzigo umetoka bandarini. Shokapu mbili za nyuma hazivuji na zinarudi polepole zikibonyezwa. Springi zina kutu ya juu tu, nimezipiga brashi na kuzipaka rangi nyeusi. Za mbele zimo pia, lazima gari lipande pande zote.

Bushi za poliyurethani zimeingia kwa mkono na sabuni. Grisi iliyokuja nazo ni nzito, ya kunata, si ile nyekundu ya kawaida, na nimeipaka ndani ya kila bushi na kwenye mabega yake. Mkono ulipofungwa, nikauinua nikauachia: ukaanguka wenyewe, taratibu, bila mlio. Nikauinua tena. Nilirudia mara nne au tano kwa raha tu.

Mikono ya juu nimeiachia bushi zake za mpira, ni nzima. Lakini bolti zake tulizilegeza, na hapa tulipishana na fundi. Yeye alitaka kuzikaza magurudumu yakining'inia, kwa kuwa ndiyo rahisi kufika na spana. Bushi ya mpira imegandishwa ndani na nje, haizunguki, inajikunja. Ukiikaza gurudumu likiwa limening'inia, hapo ndipo inapopaona kuwa nyumbani. Gari likishuka chini, bushi inabaki imejikunja maisha yake yote, inalisukuma gari juu na kupasuka mapema. Nilimwomba tuweke gari chini, magurudumu ya nyuma juu ya matofali yenye mbao, tukaze hapo. Alilala chini akakaza. Alipotoka akasema kwamba zile Land Rover zilikuwa hazina mambo haya, na kweli, zilikuwa na springi za majani.

Urefu sasa, habu hadi ukingo wa bodi: 330 kushoto, 329 kulia. Kutoka mwili wa shokapu hadi raba: milimita 40.

Mei 31

Uzi tena, safari hii kwa adabu zote. Kwenye kiti cha dereva mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya maji ya lita 20, kwa sababu gari jepesi hivi linajua kama kuna mtu ndani. Chini ya kila tairi vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati ili gurudumu liteleze lenyewe linaporekebishwa, lisikwamishwe na zege. Kila baada ya kugusa bolti, nabonyeza mkia mara tatu, gari likae, ndipo napima.

Kemba ya nyuma nimeiweka digrii 1.5 kuingia ndani. Kwa ukingo wa rimu wa milimita 380 ni sawa na juu kuwa ndani kuliko chini kwa milimita 10, na nimeipima kwa timazi la fundi ujenzi. Tou: kila upande milimita 1.5 kuangalia ndani, jumla 3. Mbele, digrii 1 ya kemba na magurudumu yaliyonyooka. Nimehangaika na upande wa kulia nyuma kwa saa mbili, kwa sababu ukirekebisha kemba tou inahama, na ukirudisha tou kemba inahama. Hakuna njia ya mkato, unakwenda na kurudi hatua ndogo ndogo mpaka zote mbili zikubaliane. Zilipokubaliana nimekaza, nikapiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye krosimemba, zote nne. Mstari ukivunjika nitajua imesogea.

Juni 1

Uwanja wa ghala, jua, zege kavu. Matairi bado yale ya zamani makusudi.

Kulia 8.4. Kushoto 8.5.

Kuachia mafuta ghafla kwa kilomita 35, kushoto: mara kumi. Mara zote kumi pua iliingia ndani kidogo, mkia ukafuata kwa utulivu, ukasimama. Nikaongeza hadi 38. Mkia ulitoka, lakini ulinitaarifu kwanza; niliuhisi kiunoni, nikarudisha usukani kidogo, ukarudi. Mdogo wangu alisema kwa nje lilikuwa linaonekana polepole. Ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu Machi, mkia unaokwenda kwa mwendo ambao mtu anaweza kuufuata.

Kamba ya plastiki kwenye shokapu: imesukumwa, imesimama milimita 9 kabla ya raba.

Juni 7

Matairi manne mapya, 185/60R14, saizi ya kiwandani. Ya zamani yalikuwa ya aina tatu tofauti, na la nyuma kulia lilisoma 1112 ubavuni, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2012. Ningeanza na haya Machi ningepata nafuu siku ya kwanza, ningefurahi, na bushi iliyopasuka ingeyatafuna kabla ya mwaka kwisha.

Duara: kulia 8.3, kushoto 8.3. Inafika 0.88, pande zote mbili.

Stabilaiza ya nyuma ni ileile iliyokuja na gari. Nilijaribu kuizungusha duara ikiwa imefunguliwa upande mmoja, na gari likawa zito kuingia kwenye kona, linasukuma pua nje. Nimeifunga tena. Nene sihitaji.

Juni 14

Kipilefti kilekile, saa moja asubuhi, lami bado imelowa umande. Kilomita 40, nikakata kushoto, nikaachia mafuta. Gari likageuka kama lilivyoombwa. Nilizunguka tena nikarudia, kisha nikaenda kununua maandazi.

Mchana nimeingia chini kukagua. Mistari minne ya rangi iko mizima. Uzi: kushoto 1.5, kulia 1.5. Bushi haziliki wala hazijatoa vumbi. Nati za bolti ndefu nimezigusa kwa spana, hazikuenda. Bolti za mikono ya chini ya mbele nazo zimeganda, nimezimwagia mafuta leo, asubuhi na jioni, na fundi ameshanunua bledi.